Umefunga kabureta kubwa gari ikawa nzito? Soma dalili kabla hujagusa jeti

Stori huwa ni ileile. Mtu ana injini ya zamani, kabureta ya kiwandani imechoka, kaambiwa dawa ni kufunga Weber mbili za pembeni au Holley ya makoo manne (koo ni lile tundu la kupitishia hewa), kafunga, gari imewaka na mlio umekuwa mtamu balaa, halafu akiingia barabarani gari ni nzito kuliko ilivyokuwa, akitaka kuondoka inapiga chafya, wese linaisha haraka, na kesho yake yuko na boksi la jeti anabadilisha moja baada ya nyingine kwa kubahatisha. Hilo boksi weka pembeni kwanza. Jeti (vile vipande vyenye tundu la kupimia petroli) ni kitu cha mwisho kuguswa, na mara nyingi tatizo lilianza siku ile anachagua saizi, hata kabla hajashika spana.

Cha kushika ni hiki: kabureta moja ina njia kadhaa za kupitisha petroli, na kila njia ina zamu yake. Ukiwa umeachia pedeli inafanya kazi njia ya sailensi. Ukikanyaga kidogo kipepeo (kile kibati kinachofungua na kufunga koo) kinafunguka na kupita kwenye vitundu vidogo vilivyotobolewa ukutani mwa koo, hivyo vitundu ndo vinabeba gari mpaka kasi ya kati na bado vinakula kwenye jeti ileile ya sailensi (watu wengi hawajui hili, wanadhani jeti ya sailensi ni ya gari ikiwa imesimama tu). Ukikanyaga ghafla kuna pampu ndogo inarusha mafuta kuziba pengo. Ukizidi kufungua ndo meni jeti inaingia kazini, na huko juu kabisa jeti ya hewa, inayochanganya hewa kwenye petroli ya meni jeti, inaanza kuwa na usemi mkubwa. Kwa hiyo kila ukiona dalili swali la kwanza ni moja: mguu ulikuwa wapi? Ukijibu hilo umeshaondoa nusu ya vitu vya kufungua.

Maliza haya kwanza

Injini iliyochoka haiponi kwa kabureta. Pima kompresheni ya silinda zote, seti nafasi za valvu, weka plagi nzima, na kama bado unatumia pointi basi pointi na kondensa ziwe nzima kweli. Kondensa mbovu ni sumbufu sana maana inaigiza njaa ya mafuta: gari inaenda poa, ikifika juu inaanza kumisi, unaongeza meni jeti, inazidi kumisi na sasa inatoa na moshi. Taimingi iangalie kwa taa, sio kwa sikio, na usiishie kwenye sailensi, pandisha mpaka mizunguko 3000 au 3500 kwa dakika uone inasogea na haijaganda, injini nyingi za zamani zinamalizia kusogea kwenye digrii 30 hadi 36 hivi.

Halafu kuna kitu watu wa Weber za pembeni wanakisahau. Kila silinda ikiwa na koo lake peke yake, vakyumu inakuja kwa mapigo mapigo, haina mtiririko, kwa hiyo ile hosi ya vakyumu ya distributa ukiichomeka kwenye koo moja diaframu inatetemeka na taimingi inayumba nayo. Wengi wanaiziba na kufunga distributa inayosogezwa na vyuma vya ndani tu, iliyosetiwa kwa ajili hiyo. Servo ya breki usiiguse kwa staili hiyo, yenyewe lazima ipate vakyumu kupitia valvu ya upande mmoja, mambo ya kusema "hii ni gari ya resi haihitaji servo" muachie mwenye gari ya resi.

Kingine ni presha ya petroli. Weber DCOE (ndo hizo za pembeni) inataka kama psi 2.5 mpaka 3, ikivuka 3.5 sindano ya floti inazidiwa na mafuta yanapanda. SU, zile kabureta za pistoni inayopanda na kushuka, nazo ni karibu 3. Holley ya makoo manne inataka 5 mpaka 7. Sasa mtu anatoa Holley anafunga DCOE na pampu ileile ya umeme, halafu anashangaa kwanini injini inaloa. Funga regyuleta na geji, geji ikae kati ya regyuleta na kabureta, na uisome injini ikiwa inafanya kazi.

Saizi, hapa ndo wengi wanapotea

Hesabu ya haraka iko hivi. Chukua ujazo wa injini kwa lita, zidisha na mizunguko ya juu ambayo kweli utaifikia (sio ya ndotoni), gawa kwa 2 kwa sababu injini ya mipigo minne kila silinda inavuta hewa mara moja katika mizunguko miwili. Injini ya lita 2.0 ikifika 6500 inavuta lita 6500 kwa dakika. Holley na Edelbrock wanaandika saizi zao kwa futi za ujazo kwa dakika, yaani cfm, kwa hiyo gawa kwa 28.3 unapata kama 230. Injini ya kawaida ya barabarani haijazi silinda kwa asilimia 100, weka 85, unabaki na 195 hivi. Basi. Sasa njoo kwenye V8 ya lita 5.7 ikifika 6000: inatoka kama 604, ukiweka asilimia 85 unabaki na 513. Kabureta ya 600 inatosha na chenji inabaki, ila lazima atatokea mtu wa kukwambia funga 750 kwa sababu namba kubwa inapendeza kuitaja.

Na angalia usidanganywe na namba za makundi mawili tofauti. Kabureta za makoo manne zinapimwa kwa vakyumu ya inchi 1.5 za zebaki, za makoo mawili zinapimwa kwa inchi 3. Ukitaka kuzilinganisha gawa ile ya makoo mawili kwa 1.41, kwa mfano Holley 4412 ambayo ni ya makoo mawili imeandikwa 500, kwa kipimo cha makoo manne ni kama 354 tu. Kuna watu wanatoa 4412 wakaweka ya 600 wakidhani wameongeza 100, kumbe wameongeza karibu 250.

Hesabu hiyo inafanya kazi pale kabureta moja inapolisha silinda zote. Kwenye DCOE au Dellorto DHLA ambapo koo moja ni silinda moja haifai, maana silinda inavuta kwa mshindo halafu inatulia, so hapo unachagua kwa venchuri, ile pete ya ndani inayobana hewa. Namba 40 au 45 iliyoandikwa kwenye kabureta ni kipenyo cha koo kwa milimita pale kipepeo kilipo, haikwambii hewa imebanwa kiasi gani, na tabia ya gari yote iko kwenye kule kubanwa. Lita 1.6 ya barabarani yenye kemshafti ya wastani inakaa vizuri na 40 mbili zenye venchuri za 30 mpaka 33. Lita 2.0 inaenda 34 mpaka 36 na hapo ndo 45 zinaanza kuwa na maana. Uwiano mzuri ni venchuri kuwa kama asilimia 80 ya koo, yaani 32 kwenye 40 na 36 kwenye 45. Sasa mtu kanunua 45 zilizotumika zikiwa na venchuri za 38 ndani, kazifunga kama zilivyo kwenye 1.6 ya kwendea kazini, hajawahi hata kuchungulia namba iliyogongwa kwenye venchuri. Hiyo gari itaamka ikifika 4500 na chini ya hapo ni mzigo.

Mahali pa kuanzia na jeti ukishapata venchuri: meni jeti ni venchuri mara 4, jeti ya hewa ni meni jeti kujumlisha 50. Venchuri 34 inakupa 136, chukua 135, hewa 185. Emalsheni tyubu (kile kijibomba chenye vitundu kinachochanganya hewa na petroli ya meni jeti), F16 inatumika sana kwa silinda za cc 350 hadi 475 hivi, F2 kwa 450 hadi 575. Namba za F hazijapangwa kwa mfuatano wowote wa maana, F9 sio "kubwa" kuliko F2, kwa hiyo usipande F kama unavyopanda meni jeti.

Maoni yangu ambayo huwa hayapendwi: kama gari ni ya silinda nne na ni ya kila siku, Weber 32/36 DGV moja itakufurahisha kuliko DCOE mbili. Koo la kwanza ni 32 lenye venchuri ya 26, la pili ni 36 lenye venchuri ya 27, na la pili linafunguka baadaye ukishakanyaga vya kutosha, kwa hiyo mjini unatembelea koo dogo hewa inakimbia vizuri, ukitaka mbio lipo la pili. 38 DGAS ni ndugu yake ila hiyo inafungua makoo yote mawili kwa pamoja, inapenda injini kubwa kidogo, V6 za lita 2.8 na 3.0 huko.

Nzito chini, inaamka ikishafika juu

Tafuta kilima kirefu, gia kubwa, gari ikiwa kwenye 2000 hivi. Kanyaga mpaka chini. Ikidorora, rudisha mguu mpaka nusu. Kama kwa nusu pedeli inavuta vizuri kuliko kwa pedeli nzima, koo ni kubwa mno, hewa inapita polepole, petroli inaingia kwa matone badala ya ukungu na nyingine inabaki imelowanisha kuta za manifoldi. Hapo hakuna jeti ya kukuokoa. Punguza venchuri, kisha upige hesabu ya jeti upya kutoka hiyo venchuri mpya.

Kwenye Holley yenye makoo ya nyuma yanayofunguliwa na vakyumu, angalia springi ya lile kopo la pembeni. Springi laini sana inafungua makoo ya nyuma mapema, injini inakosa pumzi inadorora. Kuhakikisha ni rahisi, fungia makoo ya nyuma kwa waya yasifunguke kabisa, tembea, ukiona kule kudorora kumeisha umepata jibu, weka springi ngumu zaidi. Kama ulinunua ile ya makoo ya nyuma yanayovutwa na vyuma, yenye pampu mbili, na gari yenyewe ni nzito ina gia otomatiki, hapo ulichagua kabureta ya gari nyingine, mguu wako ndo springi na inabidi ujifunze kukanyaga kwa adabu.

Sailensi haitulii

Anza na kuvuta hewa. Nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kuzunguka gasketi za manifoldi, chini ya kabureta, kwenye ncha za shafti za vipepeo. Mlio ukibadilika hata kwa sekunde moja hapo panavuta. Wengine wanatumia kilena cha kabureta, kinaonyesha vizuri zaidi lakini kinashika moto, na ekzosi iko hapo chini imewiva, kwa hiyo mimi nakushauri maji, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu vyovyote iwavyo.

DCOE zinakaa kwenye mpira mwembamba wa mviringo na washa za springi, ili zielee kidogo. Mtu akikaza nati mpaka mwisho mpira unakandamizika, mtikisiko wote wa injini unaingia kwenye bakuli la floti na petroli inatoka povu. Dalili yake ni ya ajabu, gari inatulia vizuri kwenye sailensi ila kwenye mizunguko fulani inakuwa na mafuta mengi halafu mara yanakatika, unahangaika na floti wiki nzima. Washa ziache nafasi ndogo, nusu milimita hivi, kabureta ukiishika kwa mkono iwe inacheza kidogo.

Ukishaziba pote, nenda kwenye kubalansi. Kila kabureta ivute hewa sawa na mwenzake, tumia kifaa cha kupimia au kipande cha hosi sikioni, mvumo uwe uleule. Halafu balansi tena kwenye 2500, sio kwenye sailensi peke yake, maana linki zinazopinda zinakuwa sawa chini na zinaachana juu, na hizo linki za bei chee zinapinda kweli.

Skrubu ya mchanganyiko: ifunge taratibu mpaka iguse (ukikaza unaharibu ncha), fungua mzunguko mmoja na nusu, washa, cheza nayo mpaka mizunguko ifike juu kabisa kisha funga kidogo mpaka tu ianze kushuka, rudisha. Kwenye DCOE za zamani zenye nyuzi nene, ukiona inataka kufunguliwa mno kupita hapo jeti ya sailensi ni ndogo, ikitaka ifungwe karibu mpaka mwisho jeti ni kubwa. Zile zenye nyuzi nyembamba zinataka mizunguko zaidi so usizihukumu kwa kipimo hicho.

Na kama umefunga skrubu zote kabisa na injini haijali, inaendelea tu kuunguruma, petroli inatoka mahali pengine. Ama vipepeo viko wazi mno, ama floti iko juu, ama kwenye Holley diaframu ya pawa valvu (inayoongeza petroli vakyumu ikishuka) imepasuka. Hiyo diaframu kwenye Holley za zamani inapasuka injini ikirudisha moto kwenye kabureta. Za kuanzia 1992 zina kinga ndani. Pawa valvu nayo ina namba, gawa kwa mbili vakyumu ya sailensi, injini yenye inchi 13 inachukua 6.5. Ukiwa na kemshafti kali vakyumu ni ndogo, 6.5 inabaki imefunguka hata kwenye sailensi na utaua plagi kila mara. Kemshafti kali hiyohiyo haitatulia kwenye mizunguko 750 hata ufanyeje, ikubalie 1000 au 1100.

Inapiga chafya, inashtuka, inakwama ukitaka kuondoka

Hapa ndo pana kelele nyingi kuliko kote, na kosa la kwanza ni kuchanganya mambo mawili. Jaribu hivi: gari ikiwa imepata moto, kanyaga taratibu sana kutoka sailensi mpaka 3000. Halafu achia, kanyaga ghafla. Kama inakwama kwenye kanyaga ya taratibu, ni vile vitundu vya ukutani na jeti ya sailensi. Kama taratibu iko safi na inakwama kwenye ghafla tu, ni pampu ya kurushia. Ikikwama kote anza na ya kwanza, maana pampu mara nyingi inaficha tatizo la vitundu, mtu anaongeza pampu, gari inaruka vizuri akikanyaga kwa nguvu na bado inashtuka kwenye foleni.

Tukianza na vitundu. DCOE ina kifuniko kidogo cha shaba juu ya kila koo, karibu na flanji, kifungue kwa bisibisi pana (kimekaza, usikivuruge kichwa). Ndani utaona vile vitundu vimepangwa, na ukimulika na tochi utaona ukingo wa kipepeo ukipita chini yake. Kipepeo kikiwa kwenye mkao wa sailensi, ukingo wake unatakiwa uwe bado haujafika kitundu cha kwanza. Ukiona kitundu cha kwanza tayari kiko wazi, umeishika sailensi kwa kufungua vipepeo badala ya kuipa injini mafuta yake, na ukija kukanyaga vitundu vilishatumika hakuna cha kuongeza, gari inashtuka. Dawa ni kurudisha skrubu ya mizunguko, kupandisha jeti ya sailensi hatua moja, 45 kwenda 50 au 50 kwenda 55, na kuseti mchanganyiko upya. Kwa Holley ni jambo lilelile ila badala ya vitundu kuna mfereji mwembamba, ukigeuza kabureta kichwa chini unataka uonekane kama kijisanduku cha mraba chini ya kipepeo, chini kidogo ya milimita moja. Ukionekana mrefu kama mstari umefungua mno.

Ukitaka kujua hapo kati ni njaa au ni kuzidi, shikilia 2000 hadi 2500 kwa pedeli ndogo, hapo inaposhtuka, kisha vuta choki kidogo tu. Ikitulia ilikuwa na njaa. Ikizidi kuharibika mafuta yalikuwa mengi. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote. Mwenye kipimo cha lambda kwenye ekzosi anaona uwiano wa hewa kwa petroli moja kwa moja, 13 hadi 13.5 kwenye sailensi, 14 hadi 15 kwenye mwendo wa kawaida, na kusema kweli hicho kifaa ukikipata kinakupunguzia mabishano mengi.

Nakala za DCOE zipo nyingi na kwenye baadhi vitundu havijatobolewa mahali panapotakiwa. Ukishabadilisha jeti tatu za sailensi na ile shtuko iko palepale kwa mizunguko ileile, fungua vile vifuniko ulinganishe koo kwa koo, kama havifanani hakuna kutuni kutakakomaliza hilo.

Pampu sasa. Zima injini, toa filta, chungulia kooni, sukuma linki kwa kidole. Petroli inatakiwa itoke papo hapo linki inapoanza kusogea, uzi mwembamba ulionyooka, makoo yote sawa. Kama inachelewa hata kidogo, kwenye Holley seti ile boliti ya springi ya mkono wa pampu isiwe na mchezo, kwenye DCOE angalia valvu ya chini ya bakuli na vile vijidude vya kurushia visiwe vimeziba. Kama inatoka vizuri na bado inakwama, ongeza ukubwa wa tundu la kurushia hatua moja. Ikitoa wingu jeusi ukikanyaga ghafla, umezidisha, rudi nyuma.

Wenye SU hawana pampu, kazi hiyo inafanywa na mafuta yaliyo kwenye ile chupa ya juu, yanachelewesha pistoni kupanda ili hewa isizidi kwa ghafla. Chupa ikiwa kavu gari inakwama ukikanyaga, ijaze oili nyepesi ya 20 kisha jaribu tena kabla hujanunua sindano yoyote. Mchanganyiko wake unapimwa kwa kunyanyua pistoni kidogo sana, chini ya milimita moja: mizunguko ikipanda na kubaki juu imezidi, injini ikitaka kuzima ina njaa, ikipanda kidogo tu kisha ikatulia iko sawa.

Moshi mweusi, macho yanawasha, wese halikai

Presha, floti, choki, kwa mpangilio huo. Choki iliyobaki wazi robo tu inatosha kukuharibia siku, na kwenye DCOE haionekani kwa nje vizuri, hakikisha waya unarudi mpaka mwisho. Floti za shaba za DCOE nyingi zinasetiwa 8.5 mm kutoka kwenye kifuniko chenye gasketi yake, kifuniko kikiwa kimesimama wima, ulimi ukigusa kile kipira cha sindano bila kukisukuma. Zipo aina zenye kipimo tofauti so soma namba ya aina iliyogongwa mwilini. Itikise floti sikioni, ukisikia maji maji ndani imetoboka.

Umehamia sehemu ya mwinuko? Hewa inapungua kama asilimia 3 kwa kila mita 300, na kabureta haijui hilo, inaendelea kumwaga kama zamani. Punguza meni jeti hatua moja au mbili.

Chomoa dipstiki unuse. Ikinuka petroli mwaga oili leo, usisubiri sevisi, petroli inaosha kuta za silinda na kuchosha beringi.

Juu inakosa pumzi

Hii ni fupi. Ikienda vizuri sekunde chache halafu ikafa, bakuli linakauka: pampu, filta, mpira mwembamba. Ikiwa mbovu mara tu inapofika juu, ni jeti au moto wa plagi. Soma plagi baada ya kukanyaga mpaka juu kisha kuzima na klachi kwa pamoja mahali salama, nyeupe kabisa ni njaa, ongeza meni jeti 5. Kwa kipimo cha lambda lenga 12.5 hadi 13. Njaa huku juu usiiache ya "nitarekebisha kesho", ndo inayotoboa pistoni. Na angalia filta, mdomo wa trampeti (ile tarumbeta ya kuingizia hewa kooni) ukiwa umebanwa na kifuniko cha filta hewa haiingii, acha angalau 25 mm.

Ikiwa ya moto haiwaki

Ukizima, joto la ekzosi linapanda na petroli iliyo kwenye bakuli inachemka, inadondokea kwenye manifoldi, ukirudi baada ya dakika kumi injini imelowa. Washa kwa kukanyaga pedeli mpaka chini bila kuipampu. Dawa ya kudumu ni kizuizi cha joto kati ya ekzosi na kabureta, na kipande kinene kisichopitisha joto chini ya kabureta. Weka mpira wa petroli mbali na ekzosi. Petroli yenye ethanoli asilimia 10 inazidisha tatizo hili kwa sababu inachemka mapema, halafu inafanya mchanganyiko upungukiwe kwa asilimia 3 au 4, kwa hiyo gari iliyokuwa imesetiwa sawasawa itaanza kuwa na njaa kidogo, pandisha jeti hatua moja. Inakula na mipira ya zamani kwa ndani, vile vipande vyeusi unavyokuta vimeziba jeti ya sailensi vinatoka huko, badilisha mipira yote kwa ile iliyoandikwa inahimili ethanoli kabla hujafungua kabureta kuisafisha kwa mara ya pili.